Siku Kumi na Moja za Kuhesabu Mwanga

Usiku wa kwanza tulikuwa matajiri. Umeme ulikatika kiasi cha saa moja na nusu jioni, upepo bado unavuma, na kila mtu nyumbani akakimbilia chake. Binti yangu akawasha tochi ya simu, mdogo wake akatoa kurunzi aliyopewa siku ya kuzaliwa, mwenzangu akawasha mishumaa mitatu mezani na mmoja bafuni, nami nikashusha taa kubwa ya chaji kutoka juu ya kabati, nikaiwasha kwa nguvu zake zote. Sebule iling'aa kuliko siku za kawaida. Tulicheza karata mpaka saa tano. Mama yangu, ambaye anaishi nasi na alikua kabla nyaya za umeme hazijafika kwao, alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Mnawasha kana kwamba mmeambiwa utarudi saa ngapi." Tulicheka.

Ulirudi baada ya siku kumi na moja.

Asubuhi tulijua kwamba nguzo zilikuwa zimelala barabarani na transfoma imeungua. Hata hivyo, akili haikubali haraka. Usiku wa pili tuliwasha vilevile, kwa imani kwamba mafundi wako njiani. Usiku wa tatu taa kubwa ilififia mbele ya macho yetu, mishumaa ilikuwa imebaki vipande vya kidole, simu ya binti ilikuwa na asilimia nne, na kurunzi ya mtoto ilitoa mwanga wa rangi ya kutu. Tulilala saa mbili kasoro kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kufanya.

Nyumba yetu haikuwa na upungufu wa taa. Ukikusanya vyote tulivyokuwa navyo, vilijaa meza. Tatizo ni kwamba kila kimoja nilikinunua kwa kuuliza swali moja tu dukani: inawaka sana? Sikuwahi kuuliza itawaka kwa saa ngapi, wala itajazwa na nini ikiisha.

Siku iliyofuata nilimwaga droo zote. Ndipo nilipokutana na aibu zangu moja moja. Kulikuwa na tochi nzuri ya chuma, nzito, ambayo niliitunza miaka miwili kwa ajili ya siku kama hiyo. Nilipofungua mfuniko, betri zake zilikuwa zimevuja na kuacha ukoko mweupe uliogandamana na springi. Majimaji yanayovuja kwenye betri za kawaida za alkali ni potasiamu haidroksaidi, kitu kinachounguza ngozi, kwa hiyo si cha kukwangua kwa kucha kama nilivyoanza kufanya. Nilivaa glavu, nikasugua kwa pamba yenye siki kidogo, nikakausha, na tochi ikafufuka. Betri ya pili haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa ndani ya taa ya zamani ya chaji, betri ya madini ya risasi na asidi, ile nzito inayofanana na tofali dogo. Niliiweka kabatini ikiwa imeisha chaji, nikaisahau. Betri ya namna hiyo ikiachwa tupu, salfeti hujenga fuwele ngumu juu ya bamba zake, na baada ya miezi kadhaa haipokei tena moto. Hata ungeichaji wiki nzima, ingebaki tofali.

Tangu hapo betri za tochi nazihifadhi nje ya tochi, zimefungwa pamoja kwa mpira ndani ya mfuko mdogo ulioning'inizwa kwenye mkono wa tochi hiyohiyo. Taa yoyote ya chaji naijaza kila baada ya miezi mitatu, hata kama sijaiwasha.

Kuhusu mishumaa nitasema kwa kifupi, kwa sababu sipendi kuikumbuka. Usiku ule wa tatu mwanangu aliomba mmoja amalizie kusoma. Niliuweka kwenye kisahani juu ya meza ndogo kando ya kitanda chake. Alisinzia. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, pazia likapeperuka, na nilichonusa kwanza kilikuwa kama nywele zinazoungua. Niliwahi. Pazia lilitoboka tundu la ukubwa wa sahani, ukuta ukapata doa jeusi, mtoto hakuamka hata kidogo. Jambo hilo la kutoamka ndilo lililoninyima usingizi. Na tulihatarisha yote hayo kwa mwanga gani? Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi, lumeni ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800. Ungehitaji mishumaa zaidi ya sitini kuifikia, na kila mmoja ni moto ulio wazi. Kuanzia usiku ule mshumaa nyumbani kwetu huwashwa tu mbele ya mtu mzima aliyekaa, aliye macho, na hauingii chumba cha kulala.

Mama ndiye aliyekumbuka kandili. Ilikuwa stoo, imefungwa kwenye gazeti, pamoja na chupa moja ya mafuta ya taa. Nilifurahi, nikapandisha utambi mpaka juu. Ndani ya dakika mbili kioo kilikuwa cheusi kama chungu. Mama aliinyang'anya mikononi mwangu bila maneno, akaizima, akasubiri kioo kipoe kabisa, akakifuta kwa karatasi kavu, akaukata utambi kwa mkasi ukawa sawa juu, akauwasha tena na kuushusha mpaka ukabaki ulimi mdogo wa njano. Mwanga ukaongezeka. "Mwanangu, ukiupandisha hupati mwanga," alisema, "unapata moshi." Alinifundisha pia kutoijaza mafuta mpaka mdomoni, kutoijaza ikiwa inawaka au ingali na joto, na kuacha dirisha wazi kiasi cha vidole vinne hata kama nje kuna baridi. Kuna watu ambao mafuta ya taa yakiwaishia hushawishika kutia petroli. Hiyo ni kugeuza taa kuwa bomu. Mvuke wa petroli huwaka kwa joto la chini mno kuliko mafuta ya taa, na kandili haikutengenezwa kwa ajili yake. Chupa yetu ilitupa jioni tano, tukaipumzisha kandili na sikusikitika, maana harufu ilikuwa imeanza kuingia kwenye nguo.

Kilichotuokoa kilikuwa daftari la mwanangu la hesabu. Siku ya nne mchana nilikaa na binti yangu tukaandika kila kitu chenye nguvu ndani yake. Tulikuwa na pawabenki moja kubwa ambayo haikuwa imeguswa, imeandikwa 20,000. Namba hiyo ni miliampia-saa, na peke yake haisemi mengi, kwa sababu seli zilizomo ndani ni za volti 3.7. Miliampia 20,000 ni ampia 20. Ukizidisha 20 kwa 3.7 unapata 74, nazo ni wati-saa, yaani saa za kuwasha kitu cha wati moja. Baadhi hupotea wakati wa kupandisha umeme kufikia volti 5, kwa hiyo tuliandika 60 tusijidanganye. Tulikuwa pia na vitaa viwili vyembamba vya LED vya kuchomeka kwenye tundu la chaji, kila kimoja wati moja. Sitini kugawa kwa moja. Saa sitini. Tukiwasha kimoja kwa saa tano kila jioni, pawabenki ile ingetufikisha jioni kumi na mbili.

Binti yangu hakuamini. Alirudia hesabu mara mbili, akauliza kitu kidogo hivyo kinawezaje kutoa mwanga wa maana. Kilikuwa kinatoa karibu lumeni 100, yaani mishumaa minane. Nikamwambia kwamba mwanga mweupe wa LED nyingi huanzia kwenye chipu ya bluu iliyofunikwa unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano, na macho yakivipokea pamoja huona nyeupe. Bluu hiyo ilisumbua wanasayansi miongo mingi. Wazaliwa wa Japani walioipata, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Balbu ya zamani iligeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Kitaa chetu kilikuwa cha uvuguvugu tu ukikigusa.

Kisha tukaandika mstari wa simu, na hapo amani ikaisha. Betri ya simu yake inabeba wati-saa kama 19. Kuijaza mara moja kutoka kwenye pawabenki ni kula saa ishirini za kitaa, jioni nne nzima za familia. Alitazama karatasi, akanitazama mimi. "Baba, kwa hiyo nikichaji mara tatu tunakaa gizani?" Ndiyo hasa. Simu ndiyo iliyokuwa mlaji mkuu wa mwanga wetu, na siku tatu za kwanza tulikuwa tunaitumia kama tochi, kazi inayoimaliza haraka. Tulibishana. Mwisho tulikubaliana simu moja tu ya nyumba nzima iwe hai, izimwe data, iwashwe asubuhi na jioni kwa ajili ya habari na dharura. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuwa ndiye mwenye daftari, anaandika saa ya kuwasha na kuzima kitaa kwa ukali ambao mimi nisingeuweza.

Pawabenki ilituletea kituko chake. Kitaa kiliwaka vizuri kisha kikazima chenyewe baada ya muda mfupi, tena na tena. Nilidhani kimekufa. Kumbe pawabenki nyingi hujizima zikiona kinachovutwa ni kidogo sana, zikidhani simu imeshajaa. Dawa yake ilikuwa kuchomeka vitaa vyote viwili kwa pamoja, kimoja tukakipeleka jikoni kwa waya mrefu. Matumizi yakawa maradufu, hesabu ikabidi iandikwe upya, lakini walau hatukukaa tukibonyeza kitufe kila mara.

Tulijifunza pia kwamba mahali pa kuuweka mwanga ni nusu ya mwanga wenyewe. Tochi inayoelekezwa mezani hukupa duara moja jeupe na giza zito pande zote, na kila anayepita humulikwa machoni. Ile tochi ya chuma niliyoifufua tuliisimamisha ndani ya glasi, uso ukielekea dari. Dari yetu ni nyeupe. Chumba chote kikapata mwanga laini, hafifu, usio na vivuli vikali, na watu wakaanza kuonana nyuso. Mwanangu aligundua la kwake. Alifunga tochi ya kichwani kuzunguka dumu la plastiki jeupe lililojaa maji, taa ikitazama ndani, na dumu zima likawaka kama mwezi. Hakuna nguvu mpya iliyoongezeka hapo, ule mwanga mkali umesambazwa tu, lakini kwa kukaa na kuzungumza unatosha.

Kwa kazi za mikono, tochi ya kichwani haina mpinzani. Kuosha vyombo, kutafuta dawa, kupanda ngazi umebeba kitu, kote huko mwanga uko pale unapotazama na mikono yako iko huru. Tulikuwa nayo moja, tukawa tunaigombea. Leo kila mtu ana yake. Nyingi zina hatua ya chini kabisa ambayo watu huidharau, ya lumeni chache tu, na hiyo ndiyo niliyoitumia karibu kila usiku. Jicho likiachwa gizani kwa dakika ishirini hadi thelathini huona kwa mwanga mdogo ambao mwanzoni usingeamini unatosha. Ukitazama kioo cha simu mara moja, unaanza upya.

Ila macho hayalingani, na hili nililielewa kwa kuchelewa. Mimi nilijivunia kutembea na lumeni tatu. Mama alijikwaa kwenye kizingiti cha choo usiku wa tano, akajishika ukutani, akasema si kitu. Jicho la mtu wa miaka sitini hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaomfikia kijana wa ishirini, maana mboni hubana na lenzi huingia ukungu wa umri. Mama ana zaidi ya sabini. Kubana matumizi kwangu kulikuwa kunamwangusha yeye. Tulikuwa na taa nne ndogo za jua, zile za kuchomeka bustanini, ambazo hakuna aliyekuwa amezifikiria. Kila jioni mwanangu alizing'oa na kuzipanga koridoni, mbili kwenye kizingiti, moja chooni, moja kando ya kitanda cha bibi yake, na kila asubuhi alizirudisha juani. Ndani yake mna betri moja ndogo ya volti 1.2, na mchana ukiwa wa mawingu zilizimika kabla ya alfajiri. Hata hivyo, kati ya vitu vyote tulivyokuwa navyo, hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi.

Za mchana sina mengi. Kipaneli cha jua cha kukunja cha wati 10 tulichonunua kwa ajili ya safari kilitoka mafichoni siku ya sita. Kinaposemwa wati 10, ni jua kali la utosini bila wingu. Sisi tulipata kiasi cha wati-saa 30 kwa siku nzuri, na hata nusu yake hatukuifikia siku niliyokiweka nyuma ya kioo cha dirisha kwa kuogopa mvua. Kivuli cha tawi moja kikilalia kona yake, chaji yote inadorora, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo na iliyo dhaifu huzibana nyingine. Pawabenki yenyewe haipaswi kukaa juani pamoja na paneli. Niliiacha hapo asubuhi moja, nikaikuta ina joto la pasi. Tangu siku hiyo ililazwa kivulini, chini ya paneli.

Jirani yetu alikuwa na jenereta na moyo mkubwa. Alitualika tuchaji vitu kwake jioni. Aliiweka kwenye baraza iliyoezekwa, mita mbili kutoka dirisha la sebule, isinyeshewe. Tulikaa nusu saa. Mwenzangu akalalamika kichwa, kisha mke wa jirani akasema naye kinamuuma tangu jana. Mama ndiye aliyesimama kwanza akatoka nje. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Tuliizima, tukafungua kila dirisha, na kesho yake mimi na jirani tuliihamishia mwisho wa ua, zaidi ya mita sita kutoka nyumbani, mdomo wa moshi ukitazama mbali na milango. Aliijengea kibanda cha mabati juu tu, pande zote wazi. Sikujua namna ya kumwambia mtu anayekusaidia kwamba msaada wake unaweza kuua familia yake. Nilimwambia tu, "Kaka, tutoke nje kwanza," na mengine tukayasema tukiwa tumesimama uani.

Fumbo lililonisumbua zaidi lilikuwa la balbu. Tulikuwa na balbu mbili zenye betri ndani, zile za kufungwa kwenye soketi kama balbu nyingine na kuendelea kuwaka umeme ukikatika. Siku ya pili zilikuwa zinawaka. Siku ya tatu nilizima swichi kuu na kuchomoa vyombo vyote, ili umeme ukirudi kwa kishindo usiunguze friji. Balbu zikakataa kuwaka. Nikazifungua kwenye soketi, nikazishika mkononi kwenye kitako, zikawaka kiganjani. Nikazirudisha, giza. Wanangu walidhani nafanya mazingaombwe.

Maelezo yake ni haya. Balbu hiyo haina njia ya kujua kama umeme umekatika au wewe umezima swichi ukutani. Inachofanya ni kupima kama kuna njia ya umeme kupita kati ya ncha zake mbili. Swichi ikiwa wazi hakuna njia, inakaa kimya. Swichi ikiwa imewashwa na gridi imekatika, bado kuna njia kupitia vyombo vilivyounganishwa ndani na nje ya nyumba, nayo inawaka. Mimi nilikuwa nimekata swichi kuu na kuchomoa kila kitu. Balbu ikaona nimeizima. Kiganja chenye unyevu kidogo kiliifungulia njia, ndiyo maana iling'aa mkononi. Tangu siku hiyo tulizitumia mezani, zimesimamishwa ndani ya kikombe, kitako kimefungwa karatasi ya foili inayogusa ncha zote mbili. Hiyo ni salama kwa balbu yenye betri yake iliyo nje ya soketi tu. Usijaribu chochote cha namna hiyo karibu na soketi.

Usiku wa kumi nilirudisha swichi kuu na kuacha taa moja ya koridoni ikiwa imewashwa, ili tujue umeme ukirudi, vyombo vingine vikibaki vimechomolewa. Kitaa cha LED kilikuwa kimebakiza, kwa daftari la binti yangu, saa kumi na nne.

Ulirudi saa tisa usiku uliofuata. Sote tulikuwa tumelala. Koridoni kukawa kweupe ghafla, na kabla sijakaa sawa kitandani nilisikia mlango wa Mama ukifunguliwa na sauti yake ikiita kwa hasira, "Nani huyo anamaliza chaji?"